AC ya gari kunuka: kabla hujajaza gesi, angalia maji yanaenda wapi

Mleta mada anasema kila asubuhi akiwasha AC, kwa dakika moja au mbili gari zima linanuka soksi mbichi, kisha harufu inapungua yenyewe. Ameshatundika marashi matatu kwenye kioo, na fundi amemwambia ajaze gesi. Mkuu, mimi nimeishi na harufu hiyo karibu mwaka mzima na nimekosea takriban kila hatua, kwa hiyo nivumilie niandike kwa kirefu.

Nianze na hiyo gesi. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haikutani na hewa unayovuta. Ikipungua, ubaridi unapungua, basi. Mimi nilijaziwa gesi nikidhani natafuta dawa ya harufu, nikatoka gereji na uvundo uleule, ila sasa ukiwa wa baridi zaidi.

Nasema uvundo kwa makusudi, kwa sababu aina ya harufu ndiyo itakayokwambia uanzie wapi. Uvundo ni ile harufu ya nguo iliyofuliwa ikakunjwa kabla ya kukauka. Ukiisikia hiyo, tatizo ni unyevu. Ikiwa ni mzoga, yaani inazidi kila siku na jua likiwaka ndiyo haivumiliki, tafuta panya. Shemeji yangu alimaliza makopo mawili ya dawa kabla hajafungua feni ya AC na kumkuta bwana panya amejikunja humo, godoro lake likiwa ni karatasi ya filta. Ikiwa ni harufu tamutamu, na kioo cha mbele kinaingia ukungu wa mafutamafuta usiofutika vizuri, huenda kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, inavuja kwenye hita iliyo nyuma ya dashibodi. Hiyo peleka kwa fundi, kwani kulanti ni sumu, na ikizidi kupungua injini itachemka. Na ukisikia petroli, waya unaoungua au moshi wa ekzosi ndani ya gari, usiendelee kusoma hapa. Fungua vioo, simama mahali salama, zima gari. Moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi ambayo yenyewe haina harufu na inaua.

Sasa turudi kwenye soksi zako. Ndani ya dashibodi kuna ivaporeta, kitu kama rejeta ndogo yenye mapezi membamba ya alumini. AC ikiwaka inakuwa baridi sana, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake inaacha maji, kama bilauri ya maji ya baridi inavyotoka jasho mezani. Maji hayo yanachuruzika kwenye sinia lililo chini yake, yanaingia kwenye mpira mwembamba na kudondoka nje, chini ya gari. Ukizima gari ghafla, yale yaliyobaki kwenye mapezi yanalala humo usiku kucha, gizani, pamoja na vumbi lililopenya kwenye filta. Ukungu na bakteria hawahitaji karamu nyingine. Asubuhi feni inakupulizia usoni kilichoota usiku. Na kule kupungua baada ya dakika mbili kusikudanganye, sehemu yake ni pua yako kuzoea tu. Mwambie mtu aingie garini ukiwa umeshaendesha nusu saa, umwangalie uso.

Ndiyo maana marashi hayasaidii. Mimi nilifika mahali gari likawa linanuka soksi za waridi.

Hatua yangu ya kwanza yenye akili ilikuwa filta ya AC. Kwenye magari mengi ipo nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, unakibana pembeni kinashuka. Yangu ilikuwa nyeusi, na juu yake kuna majani makavu. Nikaweka mpya, nikafurahi siku nne. Kama gari lako halijawahi kubadilishwa filta, badilisha, maana ni kazi ya dakika 10, na ukiweza chukua yenye mkaa, hiyo hunasa harufu za barabarani vizuri zaidi. Angalia mshale wa mwelekeo wa hewa. Usiipulize kwa upepo wa kompresa ukairudisha, unaitoboatoboa tu. Kuna magari ya zamani yana nafasi ya filta lakini haijawekwa kitu, hivyo vumbi lote linaishia kwenye ivaporeta. Ila filta peke yake haikuponya gari langu, na nadhani haitaponya lako.

Kilichonifumbua macho ni kiatu. Rafiki yangu alikaa mbele, tukapiga kona, akauliza kwa nini soksi yake imelowa. Nikashika kapeti upande wake, limejaa maji kama sponji. Na kweli, nikakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa nilikuwa nasikia kitu kinachezacheza nyuma ya dashibodi nikifunga breki, nikadhani ni chupa imeanguka mahali. Ule mpira wa kutolea maji ulikuwa umeziba kwa tope. Sinia lilikuwa bwawa, na bwawa likijaa linamwagikia ndani.

Kipimo chake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Siku yenye joto na unyevu, simamisha gari mahali pakavu, washa AC kwa dakika 15 hadi 20, kisha chungulia chini, karibu na usawa wa miguu ya abiria wa mbele. Unatakiwa kuona maji yanadondoka. Kama ni pakavu kabisa ilhali AC inapooza vizuri na hewa ina unyevu, yashuku maji yamekwama. Kwenye hewa kavu sana kipimo hiki kinaweza kukudanganya, kwa hiyo shika na kapeti pia, na uingize mkono chini yake, juu linaweza kuwa limeshakauka.

Kuzibua nilitumia ile kamba nene ya plastiki ya mashine ya kufyekea nyasi, nikaiingiza taratibu kutokea chini huku naizungusha. Maji yakanimwagikia kifuani, machafu, yananuka kuliko nilivyowahi kusikia ndani. Usitumie waya mgumu. Alumini ya ivaporeta ni laini, ukiitoboa gesi yote inatoka, na kuibadilisha mara nyingi ni kung'oa dashibodi nzima. Wengine hupuliza upepo kutokea chini, nao unafanya kazi ukiwa mdogo, lakini upepo mkali unaweza kuchomoa mpira ndani usikofika mkono. Na kama lazima gari linyanyuliwe, liegemee stendi, usilale chini ya jeki peke yake.

Baada ya maji kupata njia ndipo povu la kusafishia AC lina maana. Mimi nililipuliza kabla, tena bila kutoa filta, filta ikanywa kopo zima. Mara ya pili nikalipuliza kupitia matundu ya upepo ya dashibodi, likarudi likamwagika juu ya redio. Njia iliyonifaa ni hii: injini na AC vimezimwa, filta imetolewa, mpira mrefu wa kopo nimeuingiza kwenye nafasi ya filta kuelekea ivaporeta ilipo, nikiepuka mota ya feni na nyaya. Magari mengine hayana upenyo huo, wanapitishia kwenye mpira wa maji kutokea chini. Niliacha muda ulioandikwa kwenye kopo, povu likayeyuka likatoka chini limekuwa rangi ya chai. Kisha nikawasha feni ya juu kabisa na joto, AC ikiwa imezimwa, milango wazi, mimi niko nje. Nilirudia kesho yake kwa sababu chai ilikuwa bado nzito. Filta mpya iliingia mwisho.

Usiweke dawa ya kufulia yenye klorini. Inakula alumini na mvuke wake unaishia mapafuni mwako. Spirit na dawa nyingine zinazoshika moto nazo usizipulizie humo, feni ina sehemu za umeme zinazopata moto. Mashine ya ozoni, ile inayotoa gesi ya kuua harufu ndani ya gari, nilifanyiwa. Harufu ilipotea wiki moja ikarudi, kwa kuwa ozoni haitoi tope wala haizibui mpira. Ukifanyiwa, usikae ndani na upitishe hewa vizuri baadaye, hiyo gesi inaumiza mapafu.

Kapeti langu lilichukua siku tatu kukauka, tena baada ya kutoa kiti na kunyanyua sponji ya chini yake. Watu wengi wanaruka hapa. AC inaweza kuwa safi kabisa na gari likaendelea kunuka kwa sababu ya sponji.

Halafu, miezi sita baadaye, uvundo ulianza kurudi, mdogo. Mpira ulikuwa mzima. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa naendesha siku zote nimebonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, na nazima kila kitu kwa pamoja nikifika. Sasa dakika tatu hadi tano kabla ya kufika nazima kitufe cha AC peke yake, feni inaendelea, hewa ikiingia kutoka nje. Mapezi yanakauka njiani. Mvua ikinyesha sifanyi hivyo, kioo cha mbele kitaingia ukungu katikati ya barabara. Baadhi ya magari mapya yanajikausha yenyewe kwa kuwasha feni baada ya injini kuzimwa, kwa hiyo ukisikia feni inavuma gari limefungwa usidhani lina majini.

Jingine dogo: fungua boneti utoe majani kwenye mifereji chini ya kioo cha mbele, hewa ya nje kwa kawaida inaingilia hapo.

Kwa hiyo mkuu, leo jioni usinunue kitu. Ingiza mkono chini ya kapeti la abiria, halafu fanya kile kipimo cha dakika 15. Urudi utuambie kapeti ni bichi au kavu, na chini ya gari umeona nini, ndipo tujue kama ni kamba ya nyasi au ni kopo la povu.