Usikate malipo ya leseni ya TV hiyo Ijumaa

Mleta mada, hiyo Ijumaa usikate kitu.

Unasema umeichoka BBC, unaona inabeba upande, na wewe unatazama ITV ya huku Uingereza na mpira tu, pamoja na Simba na Yanga mubashara mtandaoni zikicheza. Kwa hiyo Ijumaa unafuta makato ya benki ya leseni ya televisheni "kwa msimamo". Halafu unauliza ni chama gani kitaifuta hiyo ada, na BBC inatufaa nini sisi Waswahili. Hayo mengine yasubiri. La Ijumaa ndilo litakalokupeleka mahakamani.

Leseni ya televisheni hapa Uingereza si ada ya kutazama BBC. Pesa zinakwenda BBC, sawa, lakini sheria haikuulizi unaipenda BBC au unaichukia. Inauliza kama unatazama au unarekodi matangazo ya televisheni wakati yanaporushwa, chaneli yoyote, kifaa chochote. ITV imo. Channel 4 imo, Sky imo, mechi ya moja kwa moja ya Amazon imo. Chaneli ya Dar unayoifungua kwenye simu derby ikianza nayo imo, maana chaneli za nje hazikuachwa. Na tangu Septemba 2016, kutazama iPlayer (huduma ya BBC ya vipindi mtandaoni) bila leseni ni kosa hata kama kipindi ni cha mwaka jana. Isiyodai leseni ni filamu za Netflix, video za kawaida za YouTube, na redio, ambayo leseni yake ilifutwa tangu 1971.

Hayo yote mimi sikuambiwa. Nilichoambiwa ni kingine kabisa.

Januari 2022 waziri wa utamaduni wa wakati ule, Nadine Dorries, aliandika Twitter kwamba makubaliano yale ya ada ya leseni yatakuwa ya mwisho. Ada ikagandishwa pauni 159 kwa miaka miwili. Siku hizo kulikuwa na jamaa katika kundi letu la WhatsApp, mwenzetu wa Afrika Mashariki, aliyejipa cheo cha kutufafanulia siasa za huku. Akaturushia sauti ndefu: leseni imekufa, waziri kasema, anayelipa sasa hivi anaichangia BBC kwa hiari. Mtu akamuuliza, je, ITV? Akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ITV inaishi kwa matangazo ya biashara, haihusiani. Watu wazima, wenye familia na visa za kuhesabu, tukamwamini kwa sababu aliongea kwa kujiamini na sisi tulikuwa na hasira na bei za kila kitu. Nikafuta makato. Kombe la Dunia la Qatar nikalitazama ITV (ya huku, si ile ya Mikocheni) sebuleni, sauti juu.

Mkaguzi wa leseni alibisha hodi jioni, kibaridi kikali. Alikuwa mpole, nakwambia ukweli. Hana haki ya kuingia ndani bila hati ya mahakama, na hakuingia. Hakuhitaji. Mlango ukiwa wazi runinga ilikuwa inaonekana mpaka matokeo pembeni ya kioo. Akanisomea onyo kwamba nitakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi, akauliza mara ya mwisho nimetazama lini, akaandika kwenye fomu, akanipa nisome na kusaini. Mimi nikamweleza msimamo wangu juu ya BBC, na Dorries, na matangazo ya biashara. Aliandika jambo moja tu: anatazama ITV mubashara, hana leseni.

Ilipokuja barua ya mashtaka nikampigia yule jamaa. Akasema hivyo ni vitisho, tia kwenye droo. Sikilizeni vizuri wakuu, hapa ndipo alipoua. Tangu 2015 kesi hizi zinakwenda kwa utaratibu wa hakimu mmoja, kwa karatasi tu, hakuna kusimama kizimbani. Una siku 21 za kujibu. Usipojibu, hakimu anaamua bila neno lako na faini inakadiriwa kwa kipato anachokudhania, si unachopata kweli kwa zamu zako za nyumba ya wazee. Faini inaweza kufika pauni 1,000, na juu yake gharama za mashtaka na tozo ya waathirika wa uhalifu. Kosa ni la jinai. Hufungwi jela kwa kosa lenyewe, lakini ukigoma kulipa faini, kifungo kinawezekana.

Na pesa ndiyo iliyouma kidogo kuliko yote. Fomu ya uhamiaji inauliza kama umewahi kutiwa hatiani. Haiulizi kama lilikuwa kosa la aibu au la runinga. Unajibu ndiyo, unaambatanisha maelezo, unatafuta wakili wa kuyaandika, na unangoja ukiwa na watoto shuleni na mkataba wa kazi unaoning'inia kwenye jibu hilo. Wakili peke yake alinigharimu zaidi ya ile ada niliyokuwa naikimbia. Yule jamaa alikuwa anatuma sauti akiwa na leseni yake imelipwa! Niligundua baadaye kupitia mtu wa nyumbani kwake. Ana leseni halali na anawashauri wenzake wenye visa wasilipe. Sina neno la adabu la kumwita, kwa hiyo naacha.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na ukisahau yote niliyoandika baki nayo: ZIMA, TANGAZA, NDIPO UKATE. Kwanza acha kweli kutazama chochote mubashara na iPlayer, wewe na kila mtu wa nyumbani. Kisha wajulishe watu wa leseni kwamba huihitaji tena, kwenye tovuti yao, ukaihifadhi karatasi ya uthibitisho. Mwisho ndiyo ufute makato, na miezi kamili iliyobaki unaweza kuomba urudishiwe. Ukianza na kukata, umeanza na kosa.

Kuhusu siasa, mimi sikukatazi kubishana, nabishana kila siku. Ada hii ni ya kiwango kimoja kwa wote: tajiri wa Kensington na dada anayefanya zamu ya usiku Luton wanalipa sawasawa, pauni 174.50 tangu Aprili 2025 na 180 kuanzia Aprili 2026. Hilo si haki. Na wanaotiwa hatiani wengi wao ni wanawake, kwa sababu wao ndio wanaokuwa nyumbani hodi ikibishwa. Finland tangu 2013 wanakata kodi kwa kufuata kipato. Ufaransa walifuta ada yao 2022. Mimi ningechagua mfumo wa Finland leo hii. Lakini hoja zangu hazifuti sheria, na kauli ya waziri haiifuti pia. Waziri mkuu Thatcher aliunda kamati ya Peacock 1985 iangalie namna ya kuigharamia BBC, ikaripoti mwaka uliofuata, na ada ikabaki. Dorries akasema ni mwisho, akaondoka yeye, ada ikapanda. Serikali ya Boris Johnson ilitaka kutolipa leseni kusiwe tena kosa la jinai, wananchi wakaulizwa maoni 2020, na mwaka uliofuata jambo likaachwa lilivyo. Mkataba wa kifalme wa BBC unakwisha tarehe 31 Desemba 2027. Hapo ndipo pa kupigania: mwandikie mbunge wako, jaza maoni serikali inapoyaomba. Mpaka hapo lipa, au zima.

Na hilo la "inatufaa nini": Idhaa ya Kiswahili iko hewani tangu 1957. Tangu 2014 matangazo ya BBC kwa dunia yanabebwa kwa sehemu kubwa na hizi hizi ada. Bibi yako aliyekuwa akinyamazisha nyumba nzima Dira ya Dunia, taarifa ya habari ya idhaa hiyo, ikianza alikuwa anapata kitu, japo wakati ule ni serikali ya Uingereza iliyokuwa inalipa.

Jambo moja umelitaja kwa kupita: umepanga chumba na unahama Agosti. Leseni inashika anwani, haikufuati yenyewe, kwa hiyo ibadilishe kabla hujahama. Na kama kila mpangaji hapo ana mkataba wake wa chumba, ya mwenzako haikufuniki ukitazama chumbani kwako. Mkataba wako ni wa chumba au wa nyumba nzima? Nijibu hapa kabla ya Ijumaa.