Gundi imekula bawa la ndege yangu ya plastiki, nifanyeje?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nilikuwa naunga bawa la ndege ya modeli, gundi ya majimaji ikapenya hadi chini ya kidole gumba. Nilipokiondoa, alama ya kidole ilibaki imechoreka kwenye plastiki na mstari mmoja uliochongwa kuigiza maungio ya mabati ya ndege umefutika. Nikajaribu kusafisha kwa asetoni, pakaharibika zaidi. Bado bawa linaokoleka?

JIBU: Marahaba. Linaokoleka, ila hiyo chupa ya asetoni iweke mbali. Plastiki ya modeli nyingi ni polistirini, na gundi yake haigandishi kama gundi ya karatasi: inayeyusha nyuso mbili ili ziungane. Asetoni nayo inailainisha polistirini. Kwa hiyo hukusafisha, ulikoroga uji.

Sasa usiguse. Gundi iliyopakwa nyembamba huhitaji siku moja au mbili kukauka. Penye dimbwi la gundi, mimi huacha wiki nzima. Nusa: ikinuka bado, haijakauka. Kisha bonyeza ukucha taratibu pembeni ya jeraha. Ukiacha alama, subiri. Niliwahi kupiga msasa baada ya saa chache tu. Plastiki ilijiviringisha kama uchafu wa kifutio, na baada ya siku kadhaa, rangi ikiwa imeshapakwa, pale mahali pakadidimia.

Ikishakuwa ngumu, zungushia msasa namba 400 kwenye kipande cha mbao, uloweshe maji, ukwangue matuta tu. Fuata na 600, halafu 1000. Mara nyingi alama ya kidole ni ya juujuu na inaishia hapo.

Pakibaki shimo, changanya supagluu na poda ya mtoto kidogo, jaza hadi ipite usawa wa plastiki kiasi, kisha ipige msasa siku hiyohiyo. Ukiiacha hadi kesho yake, inakuwa ngumu kuliko plastiki. Msasa utakula pembeni na kukuachia kinundu. Puti ya tyubu (kijazio cha mashimo) yenye kiyeyushi siipendi kwa kazi hii, maana inalainisha upya kilichokwisha kupona, tena husinyaa.

Mstari uliofutika uchore upya: bandika utepe mnene uwe rula, kisha pitisha ncha ya sindano mara nyingi bila kukandamiza. Ukikandamiza tangu mara ya kwanza, sindano itateleza na utakuwa na mistari miwili. Mwisho puliza praima (rangi ya kwanza) nyembamba ya kijivu, uinamishe bawa kwenye mwanga. Kasoro zote zitajionyesha.

Kama gundi iliruka hadi kwenye kioo cha rubani, ukungu wa juujuu hutoka kwa msasa wa 2000 na kusuguliwa kwa dawa ya meno. Lakini ukiona vijiufa ndani ya kioo chenyewe, usijichoshe. Tafuta kioo kingine.