Mama kijacho anauliza: bima, bosi, udongo na mtori wa mama mkwe

Wiki hii naona mmeamka na bima, nadhani ni hii baridi, watu wamejifungia ndani na majaketi wanaanza kuhesabu wiki na kuhesabu hela. Kwa wageni, mimi nipo Moshi, nimekaa dirisha la bima la hospitali moja miaka 9, nimezaa watoto 3, mmoja kwa kisu, kwa hiyo mengine nayajua kwa makaratasi na mengine yamenikuta mwenyewe. Twende.

"Dada habari, nipo Sakina, Arusha, nauza viatu vya mtumba, mimba ina wiki 20. Nataka nikate bima ya kampuni ili nijifungulie hospitali ya binafsi. Nikianza kulipa mwezi huu itanilipia?"

Mdogo wangu pole, kwa mimba hii sahau. Hizi bima za kukata mwenyewe karibu zote zina muda wa kusubiri, na kwenye uzazi mara nyingi ni miezi 9 mpaka 12, na wala sio roho mbaya, maana kama kila mtu angekata akishaona mistari miwili kwenye kipimo, akazaa, akaacha kulipa, huo mfuko ungekauka kabla hata ya Krismasi. Ajenti hatakuambia hilo mwanzoni, atakuonyesha kile kipeperushi cha mama anacheka na mtoto kavaa nyeupe. Wewe mwambie afungue ukurasa wa uzazi umuulize nasubiri muda gani, mwisho wenu wa kulipa ni shilingi ngapi nikizaa kawaida na shilingi ngapi nikifanyiwa operesheni, na mtoto akizaliwa njiti akalazwa wiki 3 yeye anahesabiwa kwenye kadi ya nani. Hilo la mwisho ndo limeliza watu dirishani kwangu, mama analipiwa vizuri kabisa halafu bili ya mtoto inakuja peke yake.

Sasa fanya hivi. Sera ya serikali inasema huduma ya mama mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali ni bure, na wewe wa Sakina una Levolosi na Kaloleni, likitokea la kukuzidi kuna rufaa Mount Meru. Ila hiyo bure ina mkia, yaani unaweza kufika ukaambiwa glavu hakuna, pamba hakuna, kwa hiyo waulize kliniki mapema beba nini halafu nunua kidogo kidogo: glavu pea kadhaa, pamba kubwa, mpira wa kulalia, wembe mpya, vibana kitovu, kanga kama 4 zilizofuliwa (mpya inateleza na haifyonzi kitu), soksi na kofia ya mtoto, na chupa ya chai ya kwako wewe, maana baada ya pale utasikia njaa ambayo hujawahi kuisikia. Ile hela uliyotaka kumpa ajenti iweke kwenye kibubu usiiguse, ndo bima yako ya mwaka huu. Na bado nakwambia ulizia bima kwa ajili ya huyo mtoto na kwa mimba ijayo, sheria ya bima ya afya kwa wote ilishapitishwa 2023, nenda kwa mtendaji wako wa kata umuulize kaya yako inaandikishwaje.

"Mume wangu ni mtumishi, anakatwa NHIF, ile bima ya afya ya taifa, kila mwezi. Juzi ndo nagundua kwenye kadi kaandikisha mama yake na baba yake na watoto 2 wa mwanamke wa kwanza, mimi simo. Nikiuliza anasema nafasi zimejaa. Nina miezi 6. Njiro."

Nafasi hazijajaa. Soma hii ukiwa umekaa karibu naye umsomee kwa sauti ya upole kabisa: mwanachama mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na wanaotibiwa ni watu 6, yeye, mwenza wake, halafu wategemezi 4. Wazazi 2 na watoto 2 ndo hao 4. Kiti cha mwenza ni cha mwenza, mama mkwe hawezi kukikalia hata akitaka, kipo wazi kinakusubiri wewe. Kwa hiyo usiende kumnunia bibi wa watu, hajakunyang'anya kitu.

Ila naomba nikuulize kitu ambacho hukuandika, cheti cha ndoa mnacho? Maana nimeyaona haya mengi sana, watu wana miaka 7 pamoja, wana nyumba, wana kuku, kwao wanamwita mke wetu, ila siku ya kujaza fomu ofisa anauliza cheti na baba mwenye nyumba anaanza kukuna kichwa na kusema nafasi zimejaa. Kama ni hicho kinachomkwamisha basi mwambie aseme tu, kanisani, msikitini au kwa mkuu wa wilaya mkamalize. Na kama haitawahi kwa mimba hii, mtoto akizaliwa ni wa baba yake iwe kuna ndoa iwe hakuna, tangazo la kizazi la hospitali lisipotee, mkafuate cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba, halafu hapo ndo kweli mtakaa mjadili nani anatoka kati ya wale 4. Hicho kikao mimi simo.

Na ukishaingizwa usikae na kadi kwenye pochi ukajiona umemaliza. Mimi mwenyewe, mtu wa dirishani, niliingia na uchungu saa 9 usiku na kadi ya kazini kwa mume wangu, kadi mpya inang'aa. Kijana wa zamu akaandika namba, akasubiri, akaandika tena, akawa anaigonga gonga kwenye ukingo wa kaunta kama mtu anayekung'uta sigara, kumbe anatafuta pa kuanzia. "Mama, inaonekana haiko hai." Mwajiri alikuwa anamkata mume wangu kila mwezi, kwenye salary slip ipo, ila michango haijapelekwa miezi 4. Nimeshika lile dirisha kwa mikono miwili, pale pana kalamu imefungwa kwa uzi mwekundu wa sufu wageni wasiibe, ule uzi mpaka leo nikifumba macho nauona. Mume wangu akampigia kaka yake Himo usiku ule akatuma M-Pesa, tukalipa, na kurudishiwa ile hela tulizungushwa mpaka mtoto akawa anatembea. Kwa hiyo ukifika wiki ya 34 hivi nenda na kadi yako pale pale unapotarajia kuzalia waambie naomba niangalizieni kama iko hai na kama mnaipokea. Dakika 5 tu. Mnakumbuka Machi 2024, kitita kipya cha bei cha NHIF kilipoanza hospitali kadhaa za binafsi zikasitisha kuwapokea wenye kadi? Kuna mama alilala ana hospitali akaamka hana.

"Nafanya hoteli Usa River, mapokezi. Bosi anasema msimu wa wageni umeanza, likizo ya uzazi atanipa mwezi 1 na nikitaka zaidi nitafute kazi nyingine. Mkataba wa miaka 2, nina mwaka na nusu kazini."

Huyo bosi anakutisha na kitu ambacho sio chake. Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 imekupa siku 84 na mshahara, ukizaa mapacha siku 100, na ni siku za kalenda, kwa hiyo Jumamosi na sikukuu zimo humo humo usije ukapiga hesabu za furaha. Unaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe, na ukishazaa hutakiwi kurudi kazini ndani ya wiki 6 labda daktari aseme unaweza. Ukirudi una haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, hii wengi hawaijui kabisa, wanakamulia chooni wanamwaga. Na kukufukuza kwa sababu ya mimba hairuhusiwi.

Upande wako sasa, maana na wewe una wajibu: mpe taarifa kwa maandishi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua ukiambatanisha cheti cha daktari. Kwa maandishi dada, sio kumwambia kwenye korido. Andika nakala 2, moja asaini ubaki nayo, akigoma kusaini mtumie kwa imeili au hata WhatsApp ili tarehe ionekane. Halafu usimpandishie sauti, endelea kupokea wageni wako unatabasamu, siku akikuandikia barua ya kukuachisha ndo unaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Arusha ipo, ila una siku 30 tu za kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi kwa hiyo usikae nyumbani ukilia mwezi mzima. Mwenye miezi chini ya 6 kazini hii likizo haimhusu bado, nasema kwa wale watakaonitumia screenshot za mabosi zao. Na kama unachangia NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kaulizie mafao ya uzazi kabla hujazaa, ukishakuwa na kichanga foleni ni adhabu.

"Nakula udongo dada, sio kidogo, naununua sokoni Mbuyuni vile vipande vya 100 100 namaliza mfuko kwa siku. Mume wangu hajui. Una madhara kweli au ni maneno?"

Mwenye mimba ya pili kama yangu utanielewa, mimi nilikuwa nanusa ukuta mvua ikinyesha. Harufu ile ya vumbi linalolowa jamani. Haya, madhara yapo: udongo unaweza kuja na minyoo na uchafu mwingine, unafunga choo, na unazuia mwili kuchukua madini ya chuma wakati hamu yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu imeshuka, kwa hiyo unajikuta unakula kile kinachokuongezea hamu ya kukila. Mwambie nesi ukweli, apime wingi wa damu, akupe dawa ya minyoo kama wakati wake umefika, na vile vidonge vya FEFO, vya kuongeza damu, umeze. Najua mnavitupa kwenye droo kwa sababu vinatia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi, cheusi ni kawaida, usishtuke, meza usiku baada ya kula na usimezee chai, chai inazuia chuma, mezea maji au juisi ya chungwa. Kuacha siku moja hutaweza, anza kupunguza vipande, weka karanga kwenye ule ule mfuko. Mume mwambie au usimwambie, ila nesi mwambie.

"Tunaishi Uru juu, bodaboda usiku hawapandi mvua ikinyesha. Uchungu ukianza usiku nifanyeje?"

Piga 115, bure, ndo mfumo wa m-mama, ni usafiri wa dharura kwa mama mjamzito na aliyetoka kuzaa na kichanga, wakikosa ambulansi wana madereva wa jamii waliosajiliwa. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino kwenye ukuta karibu na kitanda maana simu yako siku hiyo itakuwa na chaji asilimia 2. Ni ya dharura lakini, sio teksi, kwa hiyo kama una ndugu mjini Majengo au Pasua, wiki ya 38 shuka ukae kwake. Na damu ikitoka, au kichwa kinagonga sana na macho yanaona ukungu, au mtoto kapunguza kucheza, usisubiri uchungu, hata kama ni wiki ya 30, ondoka.

"Mimi ni wa Tanga, nimeolewa Machame. Mama mkwe ameshasema nikizaa anakuja kukaa miezi 3 kunipikia mtori. Naupenda ila sio kila siku! Nimwambieje?"

Usimwambie kitu, kula. Wenzako wanalipia watu wawapikie, wewe unaletewa ndizi na nyama iliyochemka mpaka imeyeyuka, ukiwa umelala, na nguo za mtoto zimefuliwa. Mwezi wa 2 mwambie, "Mama, leo naomba nikupikie wewe," halafu piga wali wako wa nazi na samaki, hapo utakuwa umepumzika mtori bila kumkosea. Pa kusimama imara ni pamoja tu, akitaka kumpa kichanga maji ya moto au kitawa cha ndizi kabla ya miezi 6, hapo sema, "Mama, kliniki wameniambia maziwa ya mama peke yake," umsingizie nesi, manesi wamezoea kusingiziwa, mimi hata sio nesi na nimesingiziwa.

"Mambo, mimi ni mwanaume, mke wangu anakusoma. Na sisi likizo yetu siku ngapi?"

Siku 3 na mshahara, uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ukitumia ya kwanza kuwaita washikaji nyama choma unabaki na 2, na ya pili mkeo anaruhusiwa, ukambebee mfuko.