Emma Bovary hakuuawa na upweke, mwanangu

"Shangazi, niko kwenye ndoa lakini naishi kama mjane. Mume wangu akirudi ni kula, taarifa ya habari, kulala. Nimesoma riwaya ya Madame Bovary nikalia, maana yule Emma, mke mwenye upweke, ni mimi. Kuna mwenzangu kazini ananisikiliza, hatujafanya kitu. Nina vimikopo ambavyo mume hana habari navyo, ila hiyo si hoja. Tuna mtoto mmoja. Niondoke?" (Barua imefupishwa.)

Pole, mwanangu. Kulala kitanda kimoja na mtu huku moyo uko peke yake ni mateso, sikubishii.

Ila barua yako nzima ninayo mimi. Mumeo umempa mstari mmoja. Mwenzio wa kazini umempa ukurasa, mpaka shati alilovaa siku ya mvua. Mtu asiye na jambo hakumbuki shati la mwanamume kiasi hicho. Na kwa kuwa asiyekuwepo na lake halipo, leo mumeo nitamsemea mimi.

Huyo Emma umemsoma nusu. Mwaka 1857 Flaubert, mwandishi wa riwaya hiyo, alishtakiwa Ufaransa kwa kuvunja maadili, akaachiwa, na hadi leo watu wanabishana kuhusu wapenzi wa Emma. Lakini aliyemmaliza ni Lheureux, mfanyabiashara aliyemletea vitambaa kwa mkopo, deni likizaa deni, hadi ikaja amri ya mahakama: faranga 8,000 ndani ya saa 24. Akamkimbilia Rodolphe, mpenzi wake wa zamani, akaambiwa hana kitu. Akaenda kula sumu ya aseniki. Rodolphe huyo huyo, siku ya kumwandikia barua ya kumwacha, alichovya kidole kwenye glasi ya maji akadondosha tone juu ya karatasi lionekane chozi. Msikilizaji wako wa kazini, habari ya mikopo umeshamwambia?

Charles, mume wa Emma, alikuwa mzito, maongezi yake hayana ladha, nakubali. Lakini nani alimwambia chochote? Emma alijua kabisa kwamba akimweleza, mumewe atalia kisha atamsamehe, na hicho ndicho kilichomchoma: kusamehewa na mtu aliyemdharau. Hapo ndipo pa kulia. Baadaye Charles naye akafa kwa majonzi, na Berthe, binti yao, akaishia kibarua kwenye kiwanda cha pamba. Wewe mwanao umemtaja mara moja tu.

Ndoa za siku hizi zimejaa watu wanaotaka kueleweka bila kufungua kinywa. Mke ananuna, mume anadhani kachoka, kila mmoja anageukia simu yake. Yule wa upande wa pili hajawahi kukuuguza wala kugombana nawe kuhusu ada ya shule, atakosaje kuwa mtamu? Mnawafukuza waume kwa kosa la kuchoka.

Hivyo vimikopo siamini kuwa ni vidogo. Vingekuwa vidogo ungeshavisema mezani. Mficha uchi hazai. Usiondoke. Leo usiku zima televisheni, mtajie mumeo jumla ya deni, yote, usipunguze hata shilingi. Kisha mwambie una upweke, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Huyo wa kazini abaki na salamu za asubuhi tu.

Ukishafanya hivyo niandikie tena, uniambie mumeo alijibu nini, maana katika barua hii hajatamka hata neno.