Kumchora marehemu bibi kutokana na picha ya pasipoti

Ndugu muulizaji, pole kwa msiba. Umesema ungependa bibi yako achorwe kabla ya kisomo cha mwaka, miezi 4 ijayo, na kwamba picha pekee uliyo nayo ni ndogo ya pasipoti. Kabla ya kuzungumzia bei, tafuta mchoraji aliyezoea kuchora sura za watu, na umwombe akuonyeshe kazi zake pamoja na picha alizozitumia, kwa sababu ustadi wa mtindo mmoja hauhamii mwingine kwa urahisi: wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wa Oysterbay, Dar es Salaam, ni hodari wa wanyama na ndege, lakini mtindo wao haukusudii kufananisha uso.

Picha yenyewe iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi na itumwe kama faili, kwani ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza mikunjo midogo ya uso, ambayo ndiyo humfanya bibi awe bibi. Mweleze pia yasiyoonekana: weusi au weupe wa ngozi yake, jinsi alivyojitanda kanga, na upande aliouinamishia kichwa alipocheka.

Andikianeni ukubwa, tarehe, malipo ya awali na idadi ya marekebisho, na usikubali rangi ianze kabla hujaidhinisha mchoro wa penseli. Kwa muda ulio nao ningechagua rangi ya akriliki, inayochanganywa na maji, ambayo hukauka ndani ya saa chache, kwa kuwa rangi ya mafuta kwa desturi husubiri miezi 6 hivi kabla ya kupakwa vanishi.