Kwa nini Kiingereza kina "warden" na "guardian"?

Ndugu, umeuliza kama ni neno moja. Ndiyo, asili ni moja: kitenzi cha Wafaranki, kabila la Kijerumani lililotawala Ufaransa ya kale, chenye maana ya kuangalia na kulinda. Kaskazini mwa Ufaransa walihifadhi sauti ya w. Paris waliigeuza kuwa gu, kisha g. Wanormani, watu wa Normandy huko kaskazini, waliovamia Uingereza mwaka 1066 walikuwa wa upande wa w, ndipo "warden" ikaingia. "Guardian" ililetwa na Kifaransa cha Paris. Linganisha "warranty" na "guarantee", jozi tamu kweli!

Usichanganye "warden" na "guardian", lakini. "Warden" husimamia mahali: bweni, hifadhi, au gereza zima huko Marekani. "Guardian" ni mlezi wa mtoto kisheria. Kwenye fomu ya shule andika "guardian".