Nilikata mafuta, mafuta yakapanda

Mita ya fundi hukaa shingoni. Yangu imekaa hapo miaka 22, tangu nilipoweka cherehani yangu Nyawera, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na siku hizi kiuno cha mteja nakijua kwa macho kabla sijakizungushia kitu. Cha kwangu sikuwahi kukipima. Agosti 2023 daktari ndiye aliyeniomba ile mita, akampa muuguzi anizungushie tumbo usawa wa kitovu. Sentimita 109. Nikacheka, maana mtu akiona aibu hucheka. "Mama," akaniambia, "kwa mwanamke sisi tunaanza kuuliza maswali kwenye 80. Kwa mwanaume kwenye 94."

Nilikuwa na miaka 51, kilo 88, na ugonjwa wa sukari wa aina ya pili niliokuwa nimeuzoea kama jirani mkorofi: unampa vidonge vyake asubuhi na jioni, anatulia, unaendelea na kazi. Sasa mezani palikuwa na karatasi mbili mpya. Ya kwanza ya damu: sukari ya asubuhi 214, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) 612, wakati maabara inataka chini ya 150, zote kwa mg/dL. Mahali pa LDL, ile kolesteroli mbaya, hapakuwa na namba, pameandikwa kwamba haihesabiki, kwa kuwa trigliseridi zikivuka 400 ile hesabu ya kawaida inaharibika. Kijana wa maabara alikuwa amenionyesha kichupa chenyewe. Damu ikitulia, yale maji ya juu yanatakiwa yawe ya manjano, unaona hadi upande wa pili. Yangu yalikuwa meupe kama maziwa. Karatasi ya pili ilikuwa ya ekografia, ile picha ya tumbo ya ultrasaundi: ini kubwa, linang'aa, steatozi. Yaani ini limeingia mafuta.

Hasira yangu ilikuwa hii: mafuta nilikuwa nimeshayaacha! Mwaka mmoja kabla, kwenye kituo kimoja nilikokuwa natibiwa, mtu alinisomea "mafuta ya damu yamepanda", akanikabidhi karatasi na kuita mgonjwa mwingine. Neno mafuta nikalielewa kama mpishi. Nikafukuza mawese kwenye sombe, yaani majani ya muhogo. Sambaza, dagaa wetu wa ziwa Kivu, nikazichemsha kwa maji matupu mpaka watoto wakagoma. Nyama nikamwachia baba watoto. Njaa iliponiuma nikaongeza tonge la bugali, na kwa sababu nilisikia matunda ni dawa, kila jioni nilikamua jagi la marakuja (pasheni) na kulitia asali badala ya sukari, nikijiona mjanja. Trigliseridi zilikuwa 340 nilipoanza ujanja huo.

Daktari aliniuliza nilikula na kunywa nini jana yake, akanitaka nisiruke kitu. Nikataja bugali mchana, bugali usiku, chai ya vijiko vitatu, marakuja, na sukre mbili za wateja. Msomaji wa mbali aelewe: sukre ni soda, na Bukavu mteja aliyefurahia gauni lake hakuachi hivihivi, anamtuma mtoto dukani, unafunguliwa chupa mbele yako. Kukataa ni kama kumrudishia mtu salamu yake. Daktari akaandika, akapiga mstari chini. "Haiko mafuta ya kupika njo ilikuletea hii, mama. Ni bugali na sukre."

Nikamwomba anieleze taratibu, na namna alivyonieleza ndivyo nawaeleza wateja wangu hadi leo. Ini ni kama mama mwenye nyumba asiyekubali chakula kitupwe. Sukari na wanga vikiingia kupita mahitaji ya siku, analijaza kwanza ghala lake dogo, na ghala likijaa anakigeuza kilichobaki kuwa mafuta. Mengine anayaweka humo humo nyumbani, ndiyo steatozi. Mengine anayafunga vifurushi na kuyatuma barabarani kwenye damu, ndiyo trigliseridi. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari mambo huzidi, kwa kuwa insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inaongea na mwili hauisikii: mafuta ya tumboni yanafunguka yenyewe na kumiminikia ini, na ini nalo linaendelea kutengeneza sukari usiku kucha kana kwamba hujala. Ndiyo maana unalala na 150 unaamka na 200 na hukutia kitu mdomoni. Nilikuwa nikidhani nina magonjwa matatu. Ni mmoja, umepimwa sehemu tatu.

Basi kazi nilianzia kwenye chupa, maana huko ndiko kulikokuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Soda ya kola ya sentilita 33 ina kama gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Mbili kwa siku, hesabu mwenyewe. Asali nayo ni sukari, hata itoke mlima gani. Tunda zima unalitafuna na nyuzi zake na moja linakutosha. Likikamuliwa unakunywa matunda sita kwa pumzi moja. Wateja niliwaambia wazi kwamba daktari amenikataza, na hapa nitoe siri: watu hawakasiriki ukisema daktari amekataza. Wanakasirika ukisema "sitaki". Sasa wananiletea maji, na mmoja ananiletea kahawa. Sisi tunalima kahawa Idjwi, Kalehe na Kabare, tunaisafirisha karibu yote, kisha tunakunywa chai ya sukari. Kahawa isiyo na sukari, vikombe viwili au vitatu kwa siku, inaonekana kwenye tafiti nyingi kuwa rafiki wa ini. Siku za kwanza ilikuwa chungu kama kwinini. Baada ya mwezi, chai ya vijiko vitatu ndiyo iliyonishinda.

Bugali sikuiacha, na atakayekuambia uiache haishi Kivu. Nilibadilisha mpangilio wa sahani. Zamani bugali ilikuwa mlima na sombe ni mto unaopita pembeni. Sasa nusu ya sahani ni majani, sombe au lenga-lenga (mchicha) au kabichi. Robo ni sambaza, maharage au yai. Robo iliyobaki ni bugali, kiasi cha ngumi yangu iliyofungwa. Maharage nayahesabu mara mbili kichwani, kwa kuwa nayo yana wanga, kwa hiyo siku ya maharage ngumi inapungua. Mawese yalirudi, kijiko kimoja cha mezani kwa sufuria ya watu sita, si kikombe. Sambaza nazikausha, kisha nazipika na nyanya na vitunguu. (Nakumbusha vijana wanaoapa kwamba sambaza ni ya mababu: hata yenyewe ni mgeni ziwani Kivu, ililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.) Ila mtu ambaye trigliseridi zake zimevuka 1000 asinisikilize mimi kwenye mawese. Huyo huambiwa apunguze mafuta ya aina zote mpaka zishuke, kwa kuwa kongosho linaweza kuwaka. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, ni ya kukimbia hospitali saa ileile, hata ikiwa usiku.

Pombe nitaisema kwa kifupi kwa sababu inajulikana. Mimi nilikuwa mtu wa Primus moja ya Jumapili na kasiksi kwenye harusi, nikaacha zote mbili. Pombe hupandisha trigliseridi na hulipiga ini ambalo tayari limelemewa. Na usinywe jana yake ukaenda kupima asubuhi. Utasoma namba ya pombe. Vilevile nenda ukiwa umefunga kwa muda wa masaa 9 hadi 12, maji tu. Mara moja walinitoa damu nimetoka kunywa chai, hakuna aliyeniuliza, na nikalipia hofu ya bure.

Kutembea kwangu kulinigharimu kiburi kuliko nguvu. Naishi Kadutu, na Bukavu mtu akikuonyesha njia anaonyesha kwa kidevu, ama juu ama chini, tambarare hakuna. Nilikuwa nikipanda moto (pikipiki ya abiria) kwenda na kurudi. Nikaanza kushuka asubuhi kwa miguu, dakika 35. Kupanda jioni kulinishinda miezi miwili. Nilipanda nusu, nusu nikamwita motari. Lengo walilonipa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa nguvu lakini bado uweze kuongea, na mlima wetu unakupa hilo bila kulipa mtu. Nikila mchana sirudi tena kwenye cherehani papo hapo. Nazunguka dakika 10 au 15, nauliza bei za vitenge nisivyonunua. Sukari ya baada ya chakula inashuka kweli, nimeiona kwenye kipima changu.

Kilo zilitoka polepole. Daktari alinipa ngazi mbili: ukipoteza asilimia 3 hadi 5 ya uzito, mafuta ya ini yanaanza kupungua, ukifika 7 hadi 10, hata ini lililovimba ndani linaweza kutulia. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kushuka hadi kama kilo 80. Ilinichukua miezi 11. Na hapa ndipo nilipokutana na adui ambaye hayumo kwenye karatasi ya maabara: midomo ya watu. Kwetu mama mnene ameolewa vizuri. Nilipofika kilo 83 wakaanza. "Yaya, unaumwa nini?" "Baba watoto hakulishi tena?" Wifi yangu alikuja na kuku mzima na uso wa msiba. Mwingine alinong'ona ugonjwa ule mnaoujua. Nilichofanya ni kushona upya nguo zangu zote zinikae sawasawa. Mwanamke aliyepungua ndani ya nguo kubwa anaonekana mgonjwa. Nguo ikikata vizuri, wanakuuliza siri. Kwa ushauri wote ulio hapa, huu pekee ndio wa kitaalamu upande wangu.

Msikubali vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni kwa bei ya mkate. Vingine vina deksametazoni, dawa ya steroidi inayopandisha sukari na kuharibu kila nilichokieleza hapo juu. Na mimi mwenyewe nilinunua "chai ya kusafisha ini" kwa mama mmoja, dola 20 chupa mbili. Vipimo vya ini vikapanda badala ya kushuka, nikaimwaga. Ini halisafishwi kwa majani usiyoyajua; ini ndilo linalosafisha, na hayo majani unaliongezea kazi.

Dawa za hospitali ni jambo lingine. Kwa kuwa nilikuwa juu ya 500, nilipewa fenofibrati ya kuzishusha, na trigliseridi ziliposhuka ikasimamishwa. Atorvastatini, dawa ya kolesteroli, nilibaki nayo kwa ajili ya moyo. Jirani alinitisha kwamba inaua ini. Daktari alinieleza kwamba ini lenye mafuta si sababu ya kuikataa, na kwamba mtu mwenye sukari na ini la namna hii mara nyingi huangushwa na moyo kabla ya ini. Metformini inasaidia sukari, lakini mafuta ya ini haiyaondoi yenyewe.

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa kama ini limeshaanza kupata makovu. Ekografia inaona mafuta, makovu ya mwanzo haiyaoni vizuri. Kuna hesabu iitwayo FIB-4, na unaweza kuifanya kwa simu: umri mara ASAT, gawanya kwa chembe sahani (zile za kugandisha damu) zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALAT. ASAT na ALAT ni vipimo vya ini kwenye damu. Mimi: 51 mara 44, gawanya kwa 240 mara 8.25. Inakuja kama 1.13. Chini ya 1.3 hatari ya makovu makubwa ni ndogo. Aliyevuka miaka 65 mpaka wake ni 2. Ikizidi, omba vipimo zaidi. Omba pia hepatiti B na C wapime, kwa sababu mafuta yanaweza kuwa yamemficha mgeni mwingine.

Kitu kimoja nusura kiniue, na hakuna aliyenionya. Nilipunguza bugali lakini glibenklamidi, kidonge changu kingine cha sukari, nikaendelea kumeza ileile. Asubuhi moja, mkasi mkononi, nikaanza kutetemeka, jasho, herufi za kalenda zikacheza. Sukari 54. Ukianza kupunguza wanga ukiwa unatumia dawa hiyo au insulini, mwone daktari wiki hiyohiyo apunguze kipimo. Yangu baadaye aliiondoa kabisa.

Na weka akiba. Februari 2025, siku zile mji ulipobadilika mikono, tulijifungia ndani na mimi nilikuwa na vidonge saba tu vya metformini. Sasa dawa za mwezi mzima zinakaa kwenye kopo la vifungo, na ninazizungusha, za zamani kwanza.

Vipimo vyangu vya mwisho: trigliseridi 171, hemoglobini ya sukari (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) imetoka asilimia 9.2 hadi 6.9, ALAT 33, kiuno 96. Bado si 80. Chini ya cherehani kuna chupa moja ya Fanta, ya siku nitakapotetemeka tena. Mjukuu wangu anaijua ilipo, na kila Jumamosi anakuja kuhakikisha kwamba bibi hajaifungua.